Jumatatu ni siku ya tatu

Usiku wa kuamkia Jumatano moja ya mwaka 2017, saa nane kamili, simu za wanachama 26 wa kikoba cha mama yangu, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, zilianza kulia moja baada ya nyingine. Ujumbe ulikuwa unakumbusha kikao: leo saa kumi jioni, njoo na hisa na marejesho. Hapakuwa na kikao siku hiyo. Kilikuwa kimeshafanyika juzi yake, Jumatatu.

Wengi waliguna, wakageukia upande wa pili wakalala. Lakini kikoba kina bibi mmoja wa Makorora, mkubwa kuliko wote, ambaye hajui kusoma. Mwanawe ni mvuvi, na usiku ule alikuwa baharini. Simu inayolia saa nane za usiku huku kwetu haiji na habari njema. Alikaa kitandani ameishika mkononi mpaka alfajiri, mjukuu wake alipoamka akamsomea. Alipoulizwa kwa nini hakumwamsha mtoto mapema, alisema hakutaka kulisikia.

Programu iliyotuma ujumbe ule niliiandika mimi. Kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi hapa Tanga. Programu naandika usiku, kwa mapenzi tu, na hakuna aliyewahi kunilipa kwa hilo. Asubuhi ile nilikwenda kwa katibu wa kikoba nikiwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyekosea kujaza. Nilikuwa nimemwekea ukurasa wenye visanduku viwili, Siku (0–6) na Saa (0–23). Nilipoufungua nikakuta ameandika 3 na 2.

“Shikamoo mama. Naona hapa kwenye siku umeweka 3.”

“Marahaba mwanangu. Kwani kikao si Jumatatu?”

“Ni Jumatatu, ila Jumatatu ni 1.”

Akaanza kuhesabu kwa vidole. “Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Ya tatu hiyo. Hiyo moja ni ya kwanza kwa nani?”

“Na hii 2?”

“Saa mbili asubuhi. Watu wameshaamka na hawajaenda sokoni.”

Nilikosa la kumjibu, na nadhani tangu siku ile ndipo nilipoanza kufikiri kweli juu ya jinsi programu zinavyotengenezwa.

Inayopanga kazi kwa saa ndani ya kompyuta yangu ni programu iitwayo cron, na asili yake ni Unix ya miaka ya 1970. Hesabu yake huanza na Jumapili, ambayo ni 0, Jumatatu ni 1, hadi Jumamosi ambayo ni 6. Siku yake huanza usiku wa manane. Kwa hiyo 3 yake ni Jumatano, na 2 yake ni saa nane za usiku. Unix ilizaliwa New Jersey, na kwa watu wa New Jersey hesabu hiyo haina kasoro. Kiswahili nacho kimeweka namba ndani ya jina la siku lenyewe: mosi, pili, tatu, nne, tano. Hata Alhamisi ina tano ndani yake, ila ni tano ya Kiarabu, inayohesabiwa kuanzia Jumapili, ndiyo maana wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana. Na saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Katibu alijaza kwa lugha yake na alijaza sawasawa. Aliyeandika “Siku” na “Saa” kwa Kiswahili huku ameacha hesabu ya watu wengine ndani yake ni mimi, tena nimezaliwa Ngamiani, hapahapa Tanga.

Marekebisho hayakuzidi mistari 20. Badala ya namba, unachagua jina la siku. Badala ya 0 hadi 23, unachagua saa moja hadi saa kumi na mbili, kisha asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kilichobaki kigumu ni usiku. Mtu akisema “Jumanne usiku saa nane,” anasema usiku unaoitangulia Jumanne au unaoifuata? Niliuliza watu watano nikapata majibu ya aina mbili, na kila mmoja alishangaa kwamba lipo jibu jingine. Mwishowe niliamua kwamba programu yangu haitatuma chochote kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hata aombe nani. Bibi yule ndiye niliyemfikiria.

Niliweza kurekebisha usiku uleule kwa sababu kila kitu kilikuwa mikononi mwangu, kuanzia mfumo endeshi. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua ya mtumba mwaka 2008, ina Windows XP. Kila nikirudi na flashi kutoka intaneti kafe nilirudi na virusi, wale waliokuwa wakificha mafolda yako na kukuachia vivuli vyenye majina yaleyale. Nilikuwa nafomati karibu kila mwezi. Kilichoniuma zaidi kilikuwa kutojua ndani mnaendelea nini. Friji za zamani zilikuwa na mchoro wa nyaya umebandikwa nyuma, na nusu ya ufundi wangu nimejifunza kwenye michoro ile. Kompyuta yangu haikuwa na mchoro nyuma.

Mwaka 2009 niliagiza CD ya Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Wakati huo walikuwa wakiituma bure dunia nzima kwa posta, na yangu ilikuja kwenye sanduku la kazini. Unaiweka, kompyuta inawaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski yako, unaionja kwanza. Lakini kilichonishika ni neno man. Ukiandika man na jina la programu yoyote, maelezo yake yanatokea hapohapo, yamo ndani ya mashine, hayatoki mtandaoni. Julai mwaka uleule mkongo wa SEACOM, unaoleta intaneti kupitia chini ya bahari, ndio kwanza ulikuwa umewashwa Dar es Salaam na Mombasa, na mtaani kwetu intaneti bado ilikuwa ya kulipia kwa saa, kila dakika unaiona ikiondoka. Kuwa na kitabu kizima cha maelezo nyumbani, usiku, bure, kulikuwa shule yangu.

Shule hiyo ilikuwa na somo moja lililonichosha miguu. Nikitaka programu mpya, naishusha kafe, naiweka kwenye flashi, nafika nyumbani, inasema inahitaji nyingine. Kesho narudi kafe kuichukua ile nyingine, nayo nyumbani inadai ya tatu. Kuna wiki nilikwenda mara nne kwa ajili ya programu moja ya kuchora. Tangu hapo kila ninapotaka kutumia kazi ya mtu ndani ya programu yangu najiuliza kama ningekubali kuifuata kwa miguu. Machi 2016, mwandishi mmoja alipoiondoa hadharani programu yake ya mistari 11, iitwayo left-pad, kazi za watu maelfu duniani zilikwama, kwa sababu zilikuwa zimeitegemea, nyingi bila wenyewe kujua. Mistari 11 ya kuongeza nafasi mbele ya neno! Programu ya kikoba inategemea vitu viwili tu, Python, lugha niliyoiandikia, na SQLite, inayohifadhi kumbukumbu, na vyote viwili vimo ndani ya laptopu yangu vikiwa kamili.

XP ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, kompyuta ile ya mtumba ilikuwa bado nzima. Niliiwekea Debian, Linux nyingine, ikafanya kazi hadi bodi yake ilipoungua mwaka 2019. Simwambii kila mtu aende Linux. Kaka yangu ana programu ya mahesabu ya duka ambayo haifanyi kazi huko, na mtu akinijia na printa ya ajabu humwambia ukweli kwamba tutahangaika. Ila naamini kwa moyo wote kwamba mashine uliyoinunua inapaswa kukubali kufunguliwa na wewe. Simu ya mama ni Android, na kiini chake ni Linux ileile aliyoitangaza Linus Torvalds mwaka 1991. Lakini mtengenezaji alipoacha kuiletea masasisho, mimi sikuwa na namna ya kuyaleta. Mchoro upo, ila mlango umepigwa ribiti.

Nirudi kwenye kikoba, maana kosa langu la pili lilikuwa herufi moja.

Vikumbusho natuma kwa modemu ya USB yenye laini ya kawaida. Wanachama 26, kwa hiyo SMS 26 kwa wiki. Bando likawa linapungua 27. Nilihesabu upya mara kadhaa kabla sijaona kwamba mwanachama mmoja, dada kutoka Kanda ya Ziwa ambaye jina lake la ukoo linaanza na Ng', alikuwa anahesabiwa mara mbili. SMS moja hubeba herufi 160 iwapo herufi zote zimo katika jedwali la GSM, orodha ya herufi za kawaida za mitandao ya simu. Kiswahili kimebahatika hapo, kwani herufi zetu zote zimo, pamoja na alama iliyosimama wima ya ng'. Lakini majina niliyaandika kwenye simu ambayo kibodi yake hubadilisha alama hiyo ikawa ya kupinda, na ya kupinda haimo. Ikiwemo hata moja, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo, nafasi zikashuka kutoka 160 hadi 70, na unaozidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wa dada yule ulikuwa ukienda vipande viwili, na kikundi kilikuwa kikilipia jina lake mara mbili.

Njia rahisi ilikuwa kuifuta ile alama, na najua wapo wanaofanya hivyo. Sikukubali. Ng na ng' ni sauti mbili, na jina la mtu ni la kwake. Niliongeza mstari mmoja unaonyoosha alama kabla ujumbe haujatumwa, na jina lake linafika kama alivyolitaja.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na kulieleza lazima nieleze kikao kilivyokuwa kabla yangu.

Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hakuna kati yao anayelaza sanduku kwake. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Wanachama wanajibu kwa kichwa. Kisha kila mmoja anaitwa kwa namba, anatoa fedha, wahesabu wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anarudia wote wasikie: namba 14, hisa mbili, elfu nne, marejesho elfu ishirini. Ndipo anaandika. Mimi niliyasikia yale maneno nikaona ni muda unaopotea. Kikao kilikuwa cha saa mbili. Kwa programu yangu katibu alibonyeza kimyakimya, jumla ikajitokeza yenyewe, watu wakaondoka baada ya dakika 50. Walinishukuru. Mwenyekiti aliniombea dua.

Mwezi wa tatu, sandukuni zilizidi shilingi 18,000 kuliko zilizoandikwa. Bibi wa Makorora akasema wiki iliyopita alirejesha elfu ishirini. Kompyuta ilionyesha 2,000. Baada ya kuuliza pole pole tulielewa: katibu alikuwa amerudi baada ya kikao kurekebisha mstari wa mtu mwingine, akaangukia mstari wa bibi. Programu ilipokea namba mpya na kuifuta ya zamani, kama nilivyoiagiza. Nilifungua faili usiku ule nikatafuta ile 20,000 kila mahali. Haikuwepo. Na hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu haikutamkwa.

Fedha iliyozidi ilitimiza hesabu yake kamili, kwa hiyo alirudishiwa haki yake bila ugomvi. Lakini aliniambia, bila hasira yoyote: “Zamani nilikuwa naisikia pesa yangu ikisomwa.”

Nililala vibaya. Hajui kusoma, na kile nilichokiita maneno mengi kilikuwa ndicho daftari lake. Watu 25 walikuwa wanamshikia kumbukumbu kwa masikio yao, mimi nikawanyamazisha. Na hata lile daftari la karatasi lilikuwa na busara ambayo programu yangu haikuwa nayo: kosa hukatwa kwa mstari mmoja, linabaki linasomeka, pembeni anatia saini aliyekata. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba jambo hilo nililijua. Kwa miaka nilikuwa naitunza misimbo yangu kwa Git, programu ambayo Torvalds aliianza Aprili 2005. Ndani yake kila badiliko hubeba alama ya lililotangulia, huwezi kugeuza jana bila kuonekana. Maandishi yangu ya usiku niliyalinda hivyo. Marejesho ya bibi sikuyalinda.

Niliandika upya karibu yote. Sasa hakuna mstari unaobadilishwa. Kosa likitokea, unaongezwa mstari mwingine unaoutaja ule wa kwanza, nani amesahihisha na kwa nini. Kikao hakifungwi mpaka washika funguo watatu waingize namba zao za siri, kila mmoja yake. Na baada ya kila mwanachama kulipa, kioo kinaonyesha sentensi moja kwa maandishi makubwa ambayo katibu lazima aisome kwa sauti. Hawezi kuendelea mpaka mhesabu fedha athibitishe kwamba imesomwa. Kikao kimerudi kuwa cha saa moja na dakika 20, na hakuna aliyelalamika. Yote yamo katika faili moja la SQLite, ambalo kila mwezi nalinakili kwenye flashi ya katibu. SQLite ilianzishwa na Richard Hipp mwaka 2000, ni mali ya umma kabisa, na waandishi wake wamesema wanakusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Napenda watu wanaosema mwaka.

Tangu hapo sanduku lile ndilo kipimo changu. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kwa miaka ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, bila malipo, na aliyejitokeza kumsaidia kwa upole na subira ndiye aliyeuweka. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kulichelewa kwa karibu nusu sekunde na hakukubali kuipuuza. Watu wengi walisifu macho yake, na wamesifu kwa haki. Mimi nilimfikiria yule mtunzaji mmoja aliyechoka. Kazi ambayo dunia nzima inaitegemea ilikuwa na kufuli moja, na hakuna aliyekaa naye kikaoni.

Kuhusu intaneti nina neno fupi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki na mtandao wa kuchechemea. Kesho yake, Jumatatu, mtaani kila mtu alikuwa anainua simu juu. Kikao kilianza saa kumi, laptopu ikawashwa, sanduku likafunguliwa, kikaisha. Hakuna aliyeuliza kama programu inafanya kazi. Zamani nilishauriwa na vijana wenzangu niiweke yote mtandaoni, na ningefanya hivyo ningekuwa nimelilaza sanduku chini ya bahari. Intaneti naipenda, imenilea. Lakini wanachama wengi wa kikoba hununua bando la mitandao ya kijamii tu, na ukiwatumia kiungo cha ukurasa wa kawaida haufunguki. Wengine wana simu za kitochi. Hao ndio ninaowaandikia.

Kwa hiyo sasa hivi ninafanya jambo moja kwa ajili ya bibi. Simu yake ni kitochi, lakini ina memori kadi na inapiga nyimbo. Kila mwisho wa mwezi programu itamtengenezea faili la sauti: hisa zake, mkopo uliobaki, miezi iliyobaki. Atalisikiliza anapotaka, mara anazotaka, bila mtandao na bila mjukuu. Sauti ni ya mama yangu, na namba tunarekodi usiku, jirani anapozima redio. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe “hisa tatu” na “miezi mitatu” ni marekodi mawili, “hisa nane” na “miezi minane” vilevile, ila sita, saba na tisa hazibadiliki, unarekodi mara moja tu. Mama alicheka nilipomwambia aseme “minne” peke yake, bila miezi. Alisema neno hilo haliwezi kukaa peke yake, akalisema mara tatu mpaka likatulia.

Jumatatu iliyopita nilimpa bibi kadi ya majaribio. Alisikiliza mara mbili, simu ameiweka sikioni, halafu akaomba mama asiharakishe kwenye maelfu. Nimeongeza nusu sekunde baada ya “elfu”.